Waraka wa Kuipa Bahari Mgongo

Itangazwe na ieleweke, kwa walio karibu na walio mbali, kwa wenye bima na kwa wasio na hata kitu cha kukikatia bima, kwamba kuanzia Jumatatu hii saa tatu asubuhi, bahari haihusiki tena na shughuli za bima katika Kanda nzima ya Mwambao.

Hivyo ndivyo alivyosoma Bwana Abdulghani Uweso, Mwangalizi Mkuu wa Bima wa kanda, mbele ya wageni waalikwa, sambusa na soda baridi. Nyuma yake dirisha kubwa la ofisi, lile ambalo miaka yote lilitazama bandari, lilikuwa limefunikwa pazia zito jipya. Pazia lilishonwa maalumu kwa sherehe na lilipewa jina la Nyenzo ya Kulinda Haki. Fundi aliyelishona naye alialikwa, na alipiga makofi kuliko wote.

"Ndugu zangu," alisema Bwana Abdulghani, "kwa muda mrefu mwananchi wetu ameonewa. Anakwenda kukata bima ya nyumba yake, anaulizwa: iko karibu na maji? Miti iko wapi? Majirani wanakuonaje? Kibali alikupa nani? Ebo! Mtu amekuja kukata bima au amekuja kuposa?"

Ukumbi ukacheka. Akasubiri kicheko kiishe, akakunja uso kizalendo.

"Maswali haya yana jina. Yanaitwa viwango vya M.J.U., yaani Mazingira, Jamii na Utawala bora. Hatukuviomba. Vimekuja na ndege, vimeshuka na mabegi, vimetukuta tumekaa zetu. Leo tunavisindikiza. Bima itazame mali. Haitatazama maji, haitatazama watu, haitatazama nani kasaini nini. Nyumba ni nyumba!"

"Nyumba ni nyumba!" ukumbi ukaitika, na sambusa zikaanza kuzunguka.

Sasa usicheke, msomaji. Jambo hili lilifikiriwa. Waraka Namba Saba ulikuwa na vifungu vizito, vimepigwa chapa kwa herufi nene, na kila kifungu kiliingia mahali pake kama mguu kwenye kiatu. Mkadiriaji wa bima akifika kwenye mali ataipa bahari mgongo. Akiisikia ikivuma, atahesabu hajasikia. Neno lenyewe lisiandikwe popote. Ikilazimu sana, itaitwa "upande wa pili". Majirani wa mwenye mali wasisemeshwe. Na kahawa, hili ndilo lililowauma wengi, kahawa mkadiriaji atakunywa peke yake, akielekea ukutani.

Ili ulione uzito wa katazo la kahawa, sharti ujue kazi ile ilivyokuwa ikifanyika Tanga. Mkadiriaji akitumwa kutazama mali ya mtu hakuanzia kwenye mali. Alianzia barazani kwa jirani. Anabisha hodi, anakaribishwa, anamiminiwa kahawa, anasogezewa kashata. Wanaulizana habari za nyumbani, za mvua, za wagonjwa. Halafu anatupia swali lake kama mtu asiye na haja nalo: "Huyu bwana wa hapa jirani, mtu gani?"

Na hapo ndipo penye ufundi. Mtu wa Tanga hamsemi jirani yake vibaya mbele ya mgeni. Haiwezekani. Leo umseme, kesho ukifiwa atakuja nani kukupa mkono? Kwa hiyo atamsifu. Atamsifu mpaka birika likauke. Kazi ya mkadiriaji ni kukaa pale kwa adabu, kuzisikiliza sifa na kuzipima.

Bingwa wa kupima sifa alikuwa Edgar, meneja wa kampuni ya bima ya Mwavuli wa Pwani, Mbondei wa Muheza, mpole, mwenye tabasamu la mtu anayejua njia. Kwao Muheza aliwahi kuambiwa kwamba mwenye lori la machungwa amepata dereva mcheshi kweli kweli, akiwa barabarani hucheka mpaka macho yanafumba. Edgar akamaliza kikombe, akashukuru sana, na lori lile hakulikatia bima. Ngamiani aliambiwa kwamba mwenye stoo ya mafuta ya taa hana makuu hata kidogo, sigara yake huvutia humo humo ndani pamoja na wapagazi. Akashukuru sana tena. Watu walishajua: Edgar akikushukuru sana, umekwisha.

Na huyu Edgar ndiye aliyemkosesha Bwana Abdulghani usingizi.

Kisa chenyewe kilikuwa nyumba. Bwana Abdulghani alikuwa na nyumba Raskazone, upande unaopakana na Sahare, ghorofa moja, rangi ya maziwa, na roshani ya vioo iliyochomoza juu ya maji. Imekaa ukingoni kabisa mwa ule udongo mwekundu. Chini ya ukingo zamani palikuwa na mikoko, imeshikana, imekita mizizi yake katikati ya nchi kavu na maji. Lakini kwa maoni ya mwenye nyumba mikoko ile ilikuwa inaziba mandhari. Sasa hapakuwa na cha kuziba.

Hana shamba, hana kiwanja kingine, hana hata kibanda cha kupangisha. Utumishi wake wote, tangu karani mdogo mwenye shati moja, ulikuwa ndani ya kuta zile, na kustaafu kulikuwa kunamchungulia mlangoni. Akikaa kwenye roshani na mkewe, Bi Shadya, wakinywa chai ya maziwa, alikuwa akiwaza jambo moja tu: nyumba hii ikipata bima, nimepona, ikikosa, mimi ni mtu wa kusali.

Alipomwita Edgar aje aitazame, Edgar alisimama ukingoni, akatazama visiki vya mikoko, akatazama ufa uliokuwa umeanza kwenye udongo, akatabasamu.

"Nyumba nzuri, mzee. Nitarudi wiki ijayo ninywe kahawa na majirani."

Basi. Siku hiyo Bwana Abdulghani hakula. Kesho yake akaanza kuandika Waraka Namba Saba. Naam, kwa ajili ya mwananchi. Na yeye si mwananchi?

Utekelezaji ulianza mara moja. Wakadiriaji wa kanda nzima waliitwa kwenye semina ya kutembea kinyumenyume, na mkufunzi alikuwa kiongozi mstaafu wa bendi ya gwaride, mtu mkali, mwenye firimbi. Mmoja wao, Ernesti, kijana mtiifu, alirudi nyuma kwa utiifu huohuo mpaka akatumbukia majini kwenye gati. Alipoopolewa, taarifa rasmi ilisema mtumishi amelowa kwa sababu zisizojulikana. Akapewa barua ya pongezi.

Malalamiko ya kwanza yaliletwa na Mama Chiku wa Sahare. Huyu ni mwanamke mrefu, mnene wa sauti, kiongozi wa kikundi cha wanawake wanaolima mwani. Mabanda yao ya kukaushia mwani yalikuwa na bima ya Mwavuli wa Pwani, na kampuni iliwapa punguzo kubwa kwa sababu walipanda mikoko mbele ya mabanda, na mawimbi hayawafikii. Waraka ulilifuta punguzo lile. Bila punguzo, bima hawaiwezi. Bila bima, yakijaa maji ya bamvua kubwa moja tu, kazi yao yote inaondoka na maji.

Katibu muhtasi, Yudith, binti wa Lushoto asiyeficha kitu usoni, akamwingiza ofisini. Cheo ni cheo, lakini umri ni umri. Bwana Abdulghani akainuka.

"Shikamoo, Mama Chiku."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekaa gizani mchana?"

"Ni pazia la kazi, mama. Nikusaidie nini?"

"Nasikia punguzo letu limekatwa."

"Halijakatwa, mama. Limesawazishwa."

"Limesawazishwa na nini?"

"Na wale wasiokuwa nalo."

Mama Chiku akaliweka lile neno upande, akajaribu mlango mwingine. "Mwanangu, sisi tumepanda mikoko. Tumejitia tope mpaka kiunoni. Bahari haitufikii."

"Hapo ndipo penye ubaguzi! Hebu mfikirie yule ambaye hakupanda. Atajisikiaje?"

"Atajisikia amelowa."

Yudith akashikwa na kikohozi. Bwana Abdulghani akamtupia jicho, kikohozi kikaisha.

"Mama, kwa mujibu wa Waraka, hiyo unayoitaja haihusiki."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumatatu saa tatu."

"Basi mtume mtu akaiambie na yenyewe, baba. Maana nimepita pale ufukweni asubuhi hii, haina habari."

Akaaga. Mlangoni akageuka, akamtazama kwa huruma ambayo Bwana Abdulghani aliifasiri kuwa ni heshima. "Lakini nakusifu, mwanangu," alisema. "Wengine wangeona haya."

Bwana Abdulghani alifurahi sana kusifiwa na mwanamke mgumu kama yule. Alimsimulia mkewe jioni, na mkewe akamtaka ayarudie maneno yenyewe, kisha akammiminia chai.

Nyumba ikakatiwa bima. Edgar aliitazama kisheria: aliingia kwa kutanguliza mgongo, akatazama ukuta wa upande wa barabarani, akaugongagonga kwa kidole, akasema ni ukuta. Hakuna aliyemuuliza jirani. Hakuna kahawa iliyonywewa. Siku ile Bwana Abdulghani alilala usingizi wa mtoto aliyenyonya, na kwa muda wa miezi kadhaa hapakuwa na mtu mwenye raha kumzidi kutoka Raskazone mpaka Ngamiani.

Masika yakaja. Mvua ikalowesha ukingo kwa juu, bamvua likauchimba kwa chini, na udongo ule mwekundu, ambao zamani ulikuwa umeshikwa na mizizi, ukajikuta hauna mshikaji.

Ilikuwa asubuhi, jua limeshatoka, mume na mke wako kwenye roshani na chai na maandazi.

"Bwana," akasema Bi Shadya, "chai yangu inatikisika."

"Ni lori linapita."

"Huku upande wa baharini?"

"Upande wa pili," akamsahihisha. Alikuwa mtu wa kanuni hata mezani.

Hapo ukuta ukalia krrr, na Bi Shadya, ambaye hakuwa na cheo cha kulinda, akamshika mumewe ukosi wa kanzu akamburuta mpaka sebuleni, kutoka sebuleni mpaka uani, kutoka uani mpaka barabarani. Walipogeuka, roshani haikuwepo. Chumba cha kulala kilikuwa kimebaki nusu, kitanda kinaning'inia, na vyandarua vinapepea hewani mbele ya macho ya watu. Bwana Abdulghani akakaa chini kwenye tope, kanzu nyeupe na yote. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa katika maisha yake. Kisha akakumbuka: nina bima! Akamshukuru Mungu kwa sauti, akampigia Edgar.

Edgar alikuja upesi, sitamnyima haki yake. Alishuka kwenye bajaji mbali kidogo, akageuka akatazama barabara, akaanza kuja kinyumenyume, hatua kwa hatua, mkoba kifuani. Umati uliokuwa umeshajaa ukampisha. Wakasikika wanawake wa mwani wakimwelekeza: kulia kidogo, baba; kuna shimo; haya, sawa, endelea.

"Shikamoo, mzee," alisema akiwa amempa mgongo. "Pole sana."

"Marahaba. Ahsante. Edgar, geuka uone."

"Siwezi, mzee. Ni kosa."

"Nakuruhusu!"

"Waraka hauna ruhusa. Kifungu hicho nilikikariri kwenye semina, mkufunzi akanipulizia firimbi." Akatoa kalamu. "Hapa nilipo naona barabara, naona bajaji. Naona na watu, lakini hao ni jamii, nimewaona kwa bahati mbaya, sitawaandika. Haya, mzee, mali yako imepatwa na nini?"

"Si imeanguka!"

"Imeangushwa na nini?"

"Na bahari!"

Edgar akaidondosha kalamu. Umati ukaguna. Mwangalizi Mkuu amelitamka, tena mchana, tena kwa sauti.

"Mzee," Edgar alinong'ona, "wewe si mtu wa kusema hivyo. Wewe ndiye mwalimu wetu."

"Basi andika mvua."

"Mazingira, mzee."

"Andika udongo!"

"Mazingira."

"Hawa watu wote wameona, waulize!"

"Jamii."

Bwana Abdulghani akapangusa jasho kwa ncha ya kanzu. "Basi andika imeanguka yenyewe."

"Hilo naweza," alisema Edgar kwa moyo safi. "Lakini nyumba iliyoanguka yenyewe, mzee, hiyo ni mbovu. Na ubovu haulipwi fidia."

Nusu ya kabati la nguo ikaamua kuondoka, ikashuka polepole, ikapiga maji. Bi Shadya akapiga ukelele: kabati lile lilikuwa la mama yake. Ukelele ule ndio uliomwamsha mumewe. Akachukua simu, akampigia Yudith.

"Njoo na muhuri! Muhuri na karatasi yenye nembo! Panda bodaboda!"

Yudith akaja na bodaboda, muhuri ameukumbatia kifuani kwa mikono miwili. Bwana Abdulghani akaandikia juu ya kiti cha bajaji, magoti kwenye tope: Waraka Namba Saba umefutwa wote, pamoja na vifungu vyake, na bahari inarudishwa kazini kuanzia saa hii. Akasaini. Yudith akagonga muhuri, tena akaugonga kwa nguvu, kama mtu anayeua mende.

Vigelegele! Wanawake wa mwani ndio walioanza, maana walielewa upesi kuliko wengine kwamba punguzo lao limerudi. Mmoja aliichukua karatasi yenyewe akakimbia nayo kwa mtu wa fotokopi kabla wino haujakauka, na baada ya muda mfupi nakala zake zilikuwa mikononi mwa nusu ya Sahare.

Edgar akashusha pumzi, akageuka.

"Lo!" akasema. "Kumbe yamefika mpaka hapa?"

"Unaona sasa? Andika. Nilipwe nijenge."

"Naandika, mzee. Ila kwa kuwa tumerudi kwenye utaratibu wa zamani, itabidi nikanywe kahawa kwanza. Tuanzie kwa nani?"

Hapa inabidi tumtazame vizuri Bwana Abdulghani, kwa sababu mtu mwingine angeingiwa na woga. Yeye hakuingiwa. Alipanda vyeo kwa kukaa ofisini. Barazani hakuwahi kutumwa. Alijua jambo moja tu kuhusu kahawa ile, kwamba mtu wa Tanga hamsemi jirani yake vibaya. Na kama hawamsemi vibaya, nani atataja visiki? Akauona mlango wa kutokea, mpana, uko wazi. Zamani aliikimbia bure!

"Twende kwa Mama Chiku," akasema, na yeye mwenyewe akatangulia mbele.

Wakashuka mpaka Sahare, barazani kwa Mama Chiku, nyuma ya mikoko. Maji yalikuwa mbali, yametulia. Mama Chiku akaleta birika, vikombe na kashata. Palikuwa na Mzee Safari, mlinzi mstaafu wa idara ya ardhi, jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Bi Shadya alikalishwa mkekani na wanawake wakampepea. Wakaulizana habari. Wakapeana pole. Wakazungumza juu ya mvua, kwamba safari hii imezidi. Edgar akapuliza kikombe chake.

"Enhe," akasema, "huyu bwana wa pale juu, mtu gani?"

Bwana Abdulghani akainamisha kichwa kwa unyenyekevu, tayari kusifiwa.

"Abdulghani?" Mama Chiku akaweka birika chini ili apate mikono ya kusemea. "We, mwanangu, huyo ni mchapakazi! Wenzake wenye vyeo huajiri watu. Yeye mikoko yote ile ya chini aliikata kwa mkono wake. Shoka tangu alfajiri. Hakubakiza hata mche mmoja, mwanamume akishika kazi ameshika."

"Hongera zake," alisema Edgar, akanywa kidogo.

"Na hana usumbufu," akadakia Mzee Safari. "Kibali cha kujenga ukingoni mtu mwingine angewahangaisha watumishi, njoo leo, njoo kesho. Yeye wakati ule alikuwa mwenyekiti wa kamati ya vibali. Akajiomba, akajifikiria, akajikubalia, siku hiyohiyo. Mimi nilikuwa mlangoni. Nadhani alijishukuru pia, maana ni mtu wa adabu."

"Ni nadra siku hizi," alisema Edgar.

"Na moyo!" akasema Mama Chiku. "Hapendi makundi. Tulikwenda mtaa mzima kumwambia: baba, ukiondoa mikoko bahari itapanda. Alitusikiliza mpaka mwisho, akatupa soda, akatusindikiza getini, akakata. Mwingine angeyumba."

Bwana Abdulghani alikuwa ameinua kichwa zamani. Alitazama mdomo mmoja, akatazama mwingine, na kila sifa iliyotua ilimpunguzia nyumba. Angesema nini? Akane? Hawajamsema vibaya! Hakuna hata neno moja la kumfungulia mtu ugomvi.

"Wanatia chumvi!" akapaza sauti. "Edgar, usiandike! Mimi si mchapakazi! Mimi mvivu, mvivu wa kutupwa! Hata taa ikiungua nyumbani siijui inabadilishwaje! Muulize mke wangu!"

Wote wakamgeukia Bi Shadya. Alikuwa ameketi na khanga kichwani, macho mekundu kwa kulilia kabati la mama yake. Alimpenda mumewe, hilo nalisema bila kigugumizi. Alimpenda tangu enzi za shati moja, na hakuwahi kuvumilia kusikia anadharauliwa, hata kama anayemdharau ni yeye mwenyewe.

"Mume wangu mvivu?" akasema kwa uchungu. "Atukanwe uvivu mbele za watu na mimi hai? Hapana, kwa kweli hapana. Alikata mikoko ile mpaka viganja vikachubuka. Mimi mwenyewe nilimpaka mafuta ya nazi. Mume wangu hajawahi kuwa mvivu hata siku moja."

Wanawake wakaitikia: kweli, kweli kabisa, mume anaye.

Edgar akamaliza kahawa mpaka kwenye mashapo, akakiinamisha kikombe kwenye kisahani.

"Mama, nashukuru," alisema. "Nashukuru sana."

Barazani hapakuwa na asiyeijua maana yake. Bwana Abdulghani peke yake ndiye aliyebaki anatazama. "Edgar," akauliza, "utaandika nini?"

"Sifa zako, mzee. Zote, sitaacha hata moja."

"Naurudisha Waraka!"

"Unaweza, mzee. Nitageuka tena nitazame barabara, na nyumba itakuwa imeanguka yenyewe." Alilisema hilo kwa heshima, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akaaga wazee, akaondoka akitembea kama watu wote wanavyotembea, mbele kwa mbele.

Bwana Abdulghani akalia. Sitaficha, alilia kwa sauti, mzee mzima, mbele ya katibu muhtasi wake, na hakuna aliyecheka, kwa maana nyumba ni nyumba hata ikiwa ya nani. Yudith alimpa leso yake. Wakati huo wanawake wa mwani walikuwa wameshapanda juu kuokoa kilichobaki: wakashuka na godoro, wakashuka na jokofu, wakashuka na picha yake kubwa ya kupokea cheo, wakaiegemeza kwenye banda, kati ya mafungu ya mwani.

Mama Chiku akamjazia kikombe kipya, akakisogeza karibu na mkono wake.

"Nyamaza, baba. Chumba kipo hapa kwangu, wewe na mkeo. Hapa hapaingii maji. Kaeni mpaka Mungu atakapofungua."

"Ahsante, mama," akajibu kwa kwikwi. "Sijui nitakulipa nini."

"Hakuna malipo. Ila kesho alfajiri maji yakitoka tunakwenda pale chini kwako kupanda mikoko upya, na tope lake ni la kiunoni. Nitakuja kukugongea." Akamtazama Bi Shadya, kisha akamtazama yeye, kwa upole wote. "Usiseme huwezi, mwanangu. Mkeo ameshatuapia kwamba wewe si mvivu."